Jina Langu kwa Kihispania

Leo asubuhi nimepiga pasi sketi ya sufi ikiwa bado mbichi, na mvuke wake umenirudisha Troyeville, mtaa wa Johannesburg, kwenye chumba cha ushonaji cha bibi mmoja Mhispania. Mama alikuwa fundi wake.

Wasichana wa darasa letu tulipanga foleni tupimwe sare. Bibi alituchangamsha kwa kuyageuza majina yetu.

"Helen?"

"Elena."

"Jane?"

"Huana!"

Tukaangua kicheko. "Eish, Huana, simama wima upimwe!"

Shuleni mimi niliitwa Elizabeth. Shule haikupokea mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, nami sikuwa nacho. Nilitumia cha binamu yangu, aliyezaliwa hapa Johannesburg kisha akarudishwa kwetu Bukavu, Kongo. Mama alikuwa amenionya kwamba jina langu la nyumbani likijulikana, nitafukuzwa.

Zamu yangu ikafika.

"Elizabeth," nilisema.

"Isabel! Jina la malkia."

Wenzangu walipiga makofi. Nikashindwa kujizuia.

"Na Agnes je, bibi?"

"Agnes ndiye nani?" akadakia Jane.

Mama alizitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Ni binamu yake," alisema bila kunitazama. "Alibaki Bukavu."

"Ines," bibi alitamka taratibu, huku akinizungushia utepe wa kupimia kifuani. "Jina zuri sana. Ukizungumza naye, mpe salamu zangu."

"Nitampa, bibi," nilijibu.