Nazi za Siku ya Haki za Watoto

Shuleni kwetu, kusini mwa Ukunda, mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa haki za watoto. Cheo hicho sikukiomba. Nilichelewa mkutano, na aliyechelewa ndiye aliyebebeshwa. Lakini nilikipenda. Nilibandika ukutani chati ya rangi: haki ya kucheza, haki ya kupumzika, haki ya kusikilizwa. Nilikuwa hodari wa kuzihubiri, na ole wake mtoto aliyesinzia nikizihubiri.

Siku ya kuziadhimisha tukaalika wageni kutoka ofisi ya elimu. Kwetu mgeni hapewi chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, akaambiwa kwaheri; sharti ale wali wa nazi na samaki wa kupaka. Na desturi yetu, ambayo sikuwahi kuifikiria hata kidogo, ni kwamba shuleni kukiwa na shughuli, wasichana wakubwa huitwa jikoni. Nikawaita watano. Wa kwanza alikuwa msichana wa gredi ya sita, mkunaji wa nazi asiye na mfano.

Msichana huyo huyo ndiye niliyemchagua azungumze mbele ya wageni kuhusu haki ya kusikilizwa. Majuma mawili mazima alikuwa akifanya mazoezi. Nyanya yake alitoka Gazi mapema, kajifunga leso mpya, aje amsikie. Mimi nikajiambia zamu yake bado iko mbali, atakuna nazi mbili tatu kisha arudi.

Wageni wakaja na haraka zao, ratiba ikakatwa. Mwalimu mkuu akashika kipaza sauti. "Sasa tumsikilize mtoto wetu atueleze haki ya kusikilizwa."

Hakutokea mtu. Akarudia. Nyanya akainuka safu ya mbele, akanigeukia.

"Mwalimu, mjukuu wangu yuko wapi?"

"Yuko jikoni, nyanya. Anakuna nazi za wageni."

Mgeni mmoja alicheka. Nyanya hakucheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ilipokataa, nikatimka mbio hadi jikoni huku tai ikinipiga usoni.

Nilimkuta juu ya mbuzi ya kukunia nazi, machozi yanamlengalenga, mikono ingali inakuna. Spika zetu husikika kila mahali, kwa hiyo alikuwa amesikia akiitwa.

"Mwalimu, zamu yangu imeshapita?"

"Haijapita. Inuka, nenda!"

"Na nazi je? Zimebaki tisa."

Mpishi alinitazama mimi, kisha akaitazama ile mbuzi. Nikakaa. Mwanamume mzima, sikuwahi kuikalia mbuzi maishani mwangu. Nazi ya kwanza ilinikuna mimi zaidi ya nilivyoikuna.

"Mwalimu, tafadhali, usitutilie damu kwenye tui," mpishi akaniambia.

Mara nikasikia sauti ya yule msichana kwenye spika. Katika maneno yote niliyomwandikia, hakusema hata moja.

"Shikamooni wageni wetu. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa jikoni. Sisi wasichana shughuli zote za shule hii tunazisikia tukiwa jikoni. Leo nilitaka nami nisikike, maana nyanya yangu ametoka mbali kuja kunisikiliza. Wavulana nao wana mikono. Mwalimu wetu pia anayo, na sasa hivi anakuna yeye."

Uwanja mzima uliangua kicheko, yakafuata makofi, na juu ya makofi vigelegele vya nyanya. Niliona haya hadi masikio yakanichoma. Na nilifurahi pia, sikufichi.

Chakula kilichelewa saa nzima. Wageni wenye haraka walikaa wakangoja, maana harufu ya samaki ilikuwa imeshawafikia. Wale wasichana wanne waliobaki jikoni wakatazamana, wakanawa mikono, wakatoka kwenda kukiomba kipaza sauti, mmoja baada ya mwingine. Mpishi aliniuliza kama amwite hata mmoja arudi kunisaidia. Nikamwambia aniletee nazi nyingine.