Gari Lililohofiwa Kulewa

Siku yangu ya kwanza kazini huko Nyamiaga, Mkuu wa Karakana alinionyesha pikapu nyeupe, akasema, "Hili linakula mihogo. Lishibishe."

Nilidhani ananitania. Kumbe karakana ilikuwa na kibali cha kujaribu ethanoli, yaani spiriti ya mihogo iliyovundikwa, ikachemshwa, mvuke wake ukakusanywa. Tuliichanganya na petroli. Ethanoli huliwa kwa wingi kuliko petroli, kwa hiyo nilipanua jeti, kitundu kinachopitisha mafuta ndani ya kabureta. Asubuhi za baridi gari liligoma, tukaliamsha kwa kumimina petroli kidogo kwenye kabureta.

Spiriti tuliichukua Mabawe kwa Mama Yustina. Siku moja nilimkuta binti yake, Yustina, ameshikwa na uchungu. Tangi lilikuwa karibu tupu. Mama akaleta dumu, akamimina mwenyewe, tukaondoka kwenda hospitali.

Mlimani gari likakohoa, likazima.

"Mama, umeweka nini humu?"

"Spiriti, mwanangu. Nimeipunguza kwa maji. Mgeni hapewi kali, na gari likilewa litamwangusha Yustina wangu."

Yustina akainua kichwa. "Mama, gari lina kichwa cha kulewa?" Akacheka, kisha uchungu ukamkatisha.

Maji yakizidi, huivuta spiriti chini na kuiacha petroli juu. Nililala chini ya gari, nikafungua nati ya tangi na kumwaga mpaka ikabaki petroli. Nikamwaga na ya kwenye kabureta. Mama alimshika binti mikono, akiomba kwa Kihangaza. Gari likawaka, likitoa moshi mweusi, maana jeti ilikuwa pana mno kwa petroli tupu. Tulifika. Mtoto alizaliwa kabla sijanawa mikono.

Nilipomweleza Mkuu wa Karakana, alisema, "Usimgombeze. Tulimwambia gari linakunywa. Hatukumwambia kwamba halilewi."

Baadaye nilihamishiwa Biharamulo, chini ya Msimamizi wa Magari aliyependa dizeli tu. Huko ndiko nilikostaafia. Vijana, mashine mtazijua. Mjueni pia anayezijazia mafuta, na anachokihofia.

Siku ya kuaga, aliyekuja kunichukua kwa gari alikuwa yule mtoto, sasa dereva. "Shikamoo, babu." Nyuma alikaa Mama Yustina, amezeeka. Nilipopanda, alimgusa mjukuu bega.

"Taratibu, mwanangu. Leo tumembeba yeye."