Kaniandika Nani?

Ofisini mwenzangu mmoja tunamwita Dakika Kumi, kwa sababu hilo ndilo swali lake kwa kila mtu: mliongea zaidi ya dakika kumi, au chini? Kazi yetu ni kugawa madaftari nyumba kwa nyumba. Mtu anaandika siku ile alikutana na nani ana kwa ana, ni nani wake, ana umri gani, kwa muda gani, waligusana au la. Wataalamu wanayaingiza kwenye kompyuta, wapate kujua homa inayosambaa kwa hewa itatoka kwa nani iende kwa nani. Simu hatuandiki. Simu haikohoi.

Mwaka huu orodha yake ikaangukia nyumba ya mwanawe wa pekee. Miaka sita hawajaonana, tangu yeye mwenyewe aliposusia harusi ya mwanawe kwa kuwa mkwe hakuwa chaguo lake. Na kanuni yetu ni moja: ndugu hahoji ndugu.

"Shoga, hiyo nyumba nipe mimi," nikamwambia.

"Naenda mwenyewe."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akaenda. Mwanawe akafungua mlango, akasema "karibu" kama anavyomwambia mgeni yeyote. Mwenzangu woga ukamshika, akasoma maswali kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Katoto kakachungulia nyuma ya pazia.

"Huyu ana umri gani?" akauliza, maana fomu inataka.

"Minne."

Hivyo ndivyo alivyojua ana mjukuu. Akaacha daftari, akaondoka.

"Nilikwenda kuomba radhi, nikaishia kuhoji," akaniambia, machozi yanamlengalenga. "Nimemkumbuka mwanangu mpaka naumwa. Kesho kalichukue daftari wewe. Na mimi nitakuwa nimeandikwa humo. Akiniandika mama, narudi. Akiniandika karani, basi, nimevuna nilichopanda."

Nikalichukua. Nilimkuta kwenye ngazi za ofisi ananisubiri, hata chai hajanywa. Akafungua ukurasa.

*Mama. Miaka sitini na moja. Zaidi ya dakika kumi.*

Akacheka. "Umri wangu anaukumbuka, mjinga huyu."

Kidole chake kikaendelea hadi safu ya mwisho. *Kugusana: hapana.*

Akalisoma tena lile neno.

"Ningemshika mkono," akasema. "Nilikuwa nimeshika kalamu."