Gati Lenye Mbao za Kung'oka

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika nyundo. Nilikabidhiwa timazi, ule uzi wenye kipande cha risasi mwishoni unaotumika kujua kama kitu kimesimama wima, nikaambiwa nisimame kwenye tope la mto nje kidogo ya mji wa Shinyanga na kuitazama nguzo moja ya daraja mpaka jua liwe la utosi. Nilikuwa mtu mzima, nimeoa, na kule kwetu Didia nilisifika kwa kutengeneza mikokoteni ya ng'ombe. Niliona nimedharauliwa.

Msimamizi wa Madaraja alikuja mchana, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Nimeona nguzo, Msimamizi. Haijasogea."

"Na maji je?"

"Maji yanapita tu."

"Basi umeshaijua kazi. Nguzo ibaki, maji yapite. Fundi anayetaka kuyazuia maji atajenga mara mbili."

Nilicheka moyoni. Mambo mengine mtu huyasikia kwa masikio mapema, halafu yanachukua miaka kushuka tumboni.

Kutoka Shinyanga nilipelekwa Geita, kwenye machimbo, kukata magogo ya kuegemeza paa la shimo, ambayo wachimbaji huyaita matimba. Nyapara wa Shimo alikuwa Msukuma mwenzangu, mkali kama pilipili, lakini ndiye aliyenifundisha kuchagua mti. Alikuwa akigonga gogo kwa kisigino cha shoka na kutega sikio. "Mti unaolia ukielemewa ni rafiki," alikuwa akisema. "Unakupa nafasi ya kukimbia. Ogopa ule unaonyamaza." Shimo lilipopunguza watu, nami nilikuwemo, na sikusikitika. Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa amechoka kunisubiri mlangoni kila jioni akihesabu kofia zinazopanda kutoka chini ya ardhi.

Ndipo nikafika Chato, kando ya Ziwa Nyanza. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru ziwa lilikuwa limepanda kupita desturi yake. Magati ya zamani, yaani yale madaraja mafupi ya kushukia kutoka kwenye mitumbwi na boti, yalikuwa yamezama au yamebomoka. Wenye nyumba za ufukweni walitaka mengine, na safari hii walitaka yatakayosimama mbele ya dhoruba. Maana msidhani ziwa halina hasira kwa sababu maji yake hayana chumvi. Upepo ukikaza kutoka upande wa visiwani, wimbi la Nyanza ni fupi na la haraka. Linapiga kabla hujapumua kutoka kwenye lile lililopita.

Mkuu wangu pale alikuwa Msimamizi wa Magati, Mzinza mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kutoa amri mara mbili. Nguzo zetu zilikuwa za mvule. Tulizibabua motoni sehemu ya chini, tukazipaka lami, kisha tukazitwanga hadi kwenye udongo mgumu kwa chuma kizito kilichoning'inia kwenye kapi, watu wakivuta kamba na kuiachia kwa wimbo. Juu ya nguzo tulilaza boriti na kuzikaza kwa bolti, na kati ya nguzo na nguzo tukapitisha mbao za mshazari ili gati lisiyumbe.

Ajabu ilikuwa sakafu. Msimamizi hakutaka ipigiliwe misumari. Sakafu yetu ilikuwa vipande vipande, kila kimoja ukubwa wa mlango, vimeshikwa na vijiti vyembamba vya mti. Wimbi kubwa likipiga kutoka chini, kijiti kinavunjika, kipande kinainuka, maji yanapita. Mnyororo kwenye pembe unakizuia kisipotee. Kesho yake unakirudisha.

Bwana Rajani, mfanyabiashara wa vitambaa na mafuta ya taa ambaye nyumba yake ilikuwa karibu kabisa na maji, alipoelezwa hayo aliliona ni tusi.

"Fundi," aliniambia, maana Msimamizi alikuwa amenituma mimi, "mimi nataka gati, wewe unaniletea gati la kung'oka?"

"Linang'oka sakafu tu, Bwana Rajani, ili nguzo zising'oke."

"Hodari ni yule anayeshika, si yule anayeachia."

Mkewe, Mama Nilesh, alikuwa amesimama barazani akichambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. "Zikishang'oka hizo mbao," aliuliza, "mtu aliye kwenye boti ataweka wapi mguu?"

Nikalibeba swali lake hadi kwa Msimamizi, naye akaanza kuchora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Mama amesema kweli," alisema mwishowe. "Mimi nilifikiria gati. Yeye kafikiria mtu."

Tukaongeza ubao mmoja mnene katikati, toka mwanzo wa gati hadi mwisho, upana wa kutosha mtu kupita akiangalia mbele. Huo tuliukaza kwa bolti kwenye kila boriti. Kisha tukafunga kamba nene kwenye vichwa vya nguzo vilivyochomoza juu ya sakafu, pande zote mbili, usawa wa kifua, maana gati lilikuwa jembamba na mtu aliweza kuzifikia zote mbili. Bwana Rajani aliridhika nusu.

Masika ya mwaka uliofuata, mtoto wetu Kulwa alishikwa na homa kali ya mapafu. Hospitali ya karibu yenye dawa ilikuwa ng'ambo ya ghuba. Mama Nilesh alikuwa na safari ya upande huo, akasema boti yao ina nafasi. Mke wangu akaenda na Kulwa mgongoni, akamwacha Doto, pacha wake, kwa mama yangu. Zikaja habari kwamba mtoto amepona, wanarudi wote pamoja.

Asubuhi waliyotazamiwa, ziwa lilikuwa kama uji uliopoa. Tukiwa kwa Bwana Rajani tukikaza bolti, upande wa visiwani ukageuka rangi ya masizi. Upepo ulifika kabla hatujakusanya vyombo. Boti nayo ikaonekana nyuma ya mvua, ikipanda na kuzama. Kushoto na kulia mwa gati kulikuwa na miamba, hivyo nahodha hakuwa na mahali pengine pa kuegesha.

Wimbi la kwanza kubwa likapiga. Kijiti kikalia ta! Kipande cha sakafu kikainuka. Kikafuata kingine, na kingine. Gati nililolijenga kwa mikono yangu likavuliwa nguo mbele ya macho yangu, wakati huohuo mke wangu na mtoto wangu wakilikimbilia.

Bwana Rajani alinishika shati. "Umewaulia mbali! Umewaulia mbali, fundi!"

Hayo ndiyo niliyokuwa nikijiambia.

Msimamizi alikuwa ameshanifunga kamba kiunoni. "Nenda katikati," aliniambia sikioni. "Wimbi likija, kumbatia nguzo. Likipita, tembea. Usikimbie."

Nilitembea. Ubao ulikuwa unatetemeka chini ya nyayo zangu lakini haukusogea. Nguzo zilikuwa zinalia, nami nikamkumbuka Nyapara wa Shimo, nikapata nguvu. Lieni, nikaziambia. Lieni tu.

Boti iligonga nguzo za mwisho, nahodha akaifunga upande usio na upepo. Mama Nilesh ndiye aliyekuwa mbele. Nikamnyooshea mkono, akakataa.

"Mwenye mtoto kwanza!"

Mama Kulwa akapanda, mgongo umefungwa khanga mbili. Nikamtanguliza, mikono yake kwenye kamba zote mbili, yangu juu ya yake. Wimbi likatufunika hadi kifuani, tukakumbatia nguzo sote watatu, likapita chini na katikati yetu kama ng'ombe wanaotoka zizini. Tukatembea. Nyuma yetu Mama Nilesh akaja na nahodha, sari imekazwa kiunoni.

Nilipokanyaga mchanga niliifungua kamba kiunoni. Kulwa alitoa kichwa kwenye khanga, akanitazama, akapiga chafya. Mama yake akaangua kicheko, kile kicheko cha mtu aliyekuwa ameshaanza kulia. "Wabeja," akawa anasema kwa Kisukuma, "wabeja, wabeja," na sikujua anamshukuru Mungu, mimi au ule ubao.

Bwana Rajani alikuwa amekaa chini kwenye maji, mtu mzima na koti lake, ameshika miguu ya mkewe. Baadaye alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mama Nilesh ndiye aliyesema. "Kesho mrudishe vipande vyangu. Na vijiti vyembamba vilevile, msije mkatia misumari."

Tulijenga magati mengi baada ya hilo. Miaka ya shida, bolti zilipoadimika, tulizinunua kama chuma chakavu kutoka machimbo yaliyofungwa, tukazichemsha kwenye mafuta ili kutu iachie. Hakuna gati tulilolijenga tena bila ubao wa katikati. Vijana huniuliza siri ya kazi ile. Siri ni kumsikiliza atakayekanyaga, na kuwa na mkuu asiyeona haya kusema "sikulifikiria hilo." Wakuu wa namna hiyo nimewapata, nami nashukuru.

Siku niliyostaafu walinipikia wali na sato pale karakana, dirisha likitazama ziwa. Mkuu wetu wakati huo alikuwa binti wa Kisumbwa aliyetoka chuo cha ufundi. Tulipokuwa tunanawa mikono, upande wa visiwani ukaanza kuwa mweusi. Nikasimama, kama nilivyosimama maisha yangu yote.

"Shikamoo tena, Baba Kulwa," alisema akicheka, huku akivaa koti la mvua. "Kaa ule. Leo hayo magati ni yetu sisi."

Wakatoka wote. Upepo ukapiga bati. Nikamega samaki, nikatia ndimu. Nilipoinua macho, sahani ilikuwa tupu, na sikuwa nimetazama dirishani hata mara moja.