Aliyepasuliwa Hakuwa Mama

Siku yaya alipokwenda kuomba kazi, fundi cherehani alimuuliza, "Una mtoto?" Akajibu hana. Kabla ya hapo alikuwa amesema ukweli kwenye nyumba nyingine, na kote alirudishwa mlangoni kwa maneno matamu. Njaa ikamfundisha jibu jipya. Tangu siku hiyo akawa mwanamke asiye na mtoto, akimlea binti wa fundi, msichana mnene mcheshi aliyeitwa Kibonge, huku mwanawe wa kiume akilelewa na bibi yake, mbali, mwendo wa kutwa nzima kwa basi.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Mdomo wake ulikuwa mkali, lakini walikula meza moja, na mshahara haukuchelewa. Alishonea sare za shule kwenye chumba cha mbele, na wateja walioingia na kutoka humo walimjua yaya kama walivyomjua fundi mwenyewe.

Asubuhi moja mama yake yaya alipiga simu. Uvimbe wa kinenani wa mtoto ulikuwa umezidi. Daktari amesema ni ngiri, apasuliwe wiki ile ile. "Anakulilia wewe," bibi akasema. "Mimi simtoshi."

Yaya akaenda kusimama mlangoni pa chumba cha kushonea. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na vitambaa vilikuwa vimerundikwa hadi dirishani.

"Mama, naomba ruhusa niende nyumbani. Mama yangu anapasuliwa."

Cherehani ikanyamaza. "Anapasuliwa nini?"

"Ngiri."

"Maskini. Pole, dada. Nenda, ukae mpaka apate nafuu."

"Siku nitakazokosa uzikate kwenye mshahara, mama. Sina neno." Na kweli alitaka zikatwe. Aliona kwamba angalau hapo angekuwa amelipia uongo wake.

Fundi akamtazama kana kwamba ametukanwa. "Nikate nini? Mtu anamuuguza mzazi wake, mimi nikae nahesabu siku? Kazi utaikuta."

Akampa mshahara mzima, na mwezi wenyewe haujaisha. Wateja nao waliposikia wakachanga: mwalimu mmoja, muuza mkaa wa jirani, na mama mmoja aliyekuwa amekuja kukopa sare. Ndani ya basi yaya aliupakata mkoba wenye fedha zile kama aliyepakata kitu cha wizi.

Mtoto alipasuliwa salama. Alipozinduka alimshika mama yake kidole, akalala hivyo hivyo, na kila alipoamka alimwambia muuguzi aliyepita, "Huyu ndiye mama yangu." Yaya angefurahi, lau si ile simu.

Kila jioni fundi alipiga. Siku ya pili, mtoto akiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani kwa bibi, akasema, "Hebu nipe mgonjwa nimsalimie."

Bibi alikuwa ndiyo kwanza anatoka kisimani, ndoo bado iko kichwani, mzima kama kinu. Yaya akaziba simu kwa kiganja, akamnong'oneza uongo wake. Bibi akatua ndoo, akapokea simu, akakohoa kidogo. "Naendelea vizuri, mwanangu. Mshono unavuta tu nikicheka." Walipoagana alijicheka kwanza, kisha kicheko kikamkauka.

"Umenilaza kitandani na afya yangu," akamwambia bintiye. "Yule mama wa watu ananiombea. Maombi yake nitayapeleka wapi?"

Jioni iliyofuata Kibonge ndiye aliyeanza kuzungumza. "Dada, nimeungua na pasi. Mama alikuwa anashona." Fundi akamnyang'anya simu haraka. "Kidonda kidogo tu, dada. Usijipe mawazo. Wewe uguza mama."

Usiku huo yaya hakufumba jicho. Mtoto aliyeajiriwa kumtunza alikuwa ameungua kwa sababu yake, na wake alikuwa hapa amemkumbatia mguu. Hakujua amlilie yupi.

Aliporudi alikuta kiganja cha Kibonge kimefungwa bendeji. Hakusubiri kuvua viatu. Aliweka mezani fedha zilizobaki.

"Mama, aliyepasuliwa si mama yangu. Ni mwanangu. Nyingine nitazilipa kidogo kidogo."

Fundi alikuwa anafumua mshono wa sketi. Akaendelea kufumua mpaka mwisho.

"Ana umri gani?"

"Ameanza darasa la kwanza."

"Kwa hiyo ulipokuja hapa hata viatu alikuwa hajui kuvaa."

"Ndiyo, mama."

"Ungesema ukweli siku ile, ningekuajiri?"

Fundi akajijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini. "Nisingekuajiri."

Akazisukuma zile fedha upande wa yaya. "Hizi ni zako. Nilikulipa ukauguze, na umeuguza. Ila usinishukuru. Nina hasira na wewe, na iache iishe yenyewe."

Haikuisha upesi. Kwa siku nyingi fundi alisema naye ya kazi tu: maji, chakula, dawa ya mtoto. Baadaye, jikoni, alimwambia bila kumtazama kwamba kila mwisho wa mwezi aende kwao akamwone mtoto, na mshahara hautaguswa. Yaya aliitikia kwa kichwa.

Hata hivyo hakupata raha aliyoitarajia. Wateja waliochanga waliendelea kuuliza, "Mama yake dada anaendeleaje?" Fundi huyo huyo, ambaye hakuwahi kumdanganya mtu hata juu ya kitambaa kinachochuja, alijibu akiwa na pini mdomoni, "Amepona, hajambo," kisha akaikanyaga cherehani kwa kasi. Yaya alisikia yote kutoka jikoni. Mara nyingi alifikiria kutoka akawaambia mwenyewe. Kila mara alibaki ameshika sufuria, akisubiri mteja aondoke.