Uzito wa Nyumba ya Senge

Wiki ile ofisini Kitale sikutulia kwenye kiti. Nilifungua ramani, nikaifunga, nikaenda kusimama dirishani, nikarudi kuifungua tena. Kilima cha mawe juu ya Lugulu kilibaki na rangi ileile, kijani kilichokolea, maana yake hapo ndipo mahali pa kwanza pa kusimamisha mitambo ya umeme wa upepo. Na chini tu ya kilima hicho, nje kidogo ya umbali ambao sheria inataka kati ya mtambo na nyumba, palikuwa na nyumba mpya, ambayo bado haijapigwa plasta, ya shangazi yangu. Senge, kama tunavyomwita kwetu.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unaweka tabaka juu ya tabaka: nguvu ya upepo, mteremko wa ardhi, barabara, laini ya umeme, mashamba, umbali kutoka kwenye nyumba za watu. Kisha unawaomba wenyeji walinganishe mambo hayo mawili mawili. Upepo na barabara, kipi kizito? Barabara na nyumba je, na kwa kiasi gani? Kutokana na majibu yao kila tabaka linapata uzito wake, na ramani inapanga maeneo, kuanzia linalofaa zaidi.

Niliwauliza katika ukumbi wa kanisa, wote wakiwa pamoja, kwa sauti. Mzee mmoja mwenye lori la kubeba miwa alikuwa wa kwanza kujibu.

“Zote ni muhimu, bwana.”

Wengine wakaitikia. Nikawasukuma wachague.

“Ati tuchague? Unataka tugombane hapa mbele ya pasta?” mzee akauliza.

Wakacheka. Senge, aliyeketi kando ya mzee huyo, naye akasema, “Zote ziko sawa tu, andika hivyo.” Nikaandika hivyo.

Sasa, kwa kuwa kila tabaka lilikuwa na uzito sawa, upepo, barabara na laini ya umeme vilivuta pamoja upande mmoja, na nyumba zikavuta zenyewe tu upande wa pili. Kilima kikashinda.

Mkubwa wangu kazini, mama aliyetoka katika familia ya wakulima wa Saboti, aliinama kuangalia skrini. “Si watu wamesema? Peleka ramani kwa kampuni ya mitambo.”

Nikamwambia nitapeleka kesho. Nikatoka nje, nikampigia senge.

“Ulisema zote ni sawa.”

“Sasa wewe ulitaka niseme aje? Mwenye lori alikuwa hapo kando yangu. Ndiye alinibebea matofali yote, bure. Nisimame niseme barabara yake ni nyepesi kuliko nyumba yangu?”

“Lakini hiyo feni itasimama juu ya kichwa chako.”

“Najua. Tangu siku hiyo naisikia ikizunguka, na hata haijaletwa.”

Asubuhi nilimwambia mkubwa wangu turudi tukaulize mtu mmoja mmoja.

“Ni juu ya shangazi yako?”

“Ndio. Na pia ni juu ya vile niliuliza. Pale hakuna mtu aliyejibu. Waliheshimiana tu.”

Akachukua funguo za gari. “Basi nitauliza mimi. Wewe hutaingia.”

Aliketi katika chumba cha nyuma cha kanisa, akawaita mmoja baada ya mwingine. Mimi nilibaki nje nikilizunguka jengo. Upepo ulivuma kutoka mlimani, na siku hiyo niliuchukia. Mzee wa lori alitoka akifuta paji la uso.

“Huyo mama yenu anauliza kama daktari. Hata bibi yangu hajawahi kuniuliza hivyo.”

“Na umemjibu nini?”

“Aa, bana. Si ndiyo maana mlifunga mlango?”

Senge alikaa ndani muda mrefu kuliko wote. Alipotoka alinipita bila kunitazama.

Njiani mkubwa wangu hakutaja jibu la mtu yeyote, nami sikuuliza. Aliingiza majibu mwenyewe. Upepo ulibaki juu, lakini safari hii nyumba zilikuwa nzito kuliko barabara. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa kilima cha malisho kilicho mbali na makazi, ambako barabara ni mbovu na upepo umepungua kidogo. Kilima cha senge kikawa cha pili. Tukapeleka hivyo.

Nikampigia tena.

“Ya pili ndiyo nini? Ni ndio ama ni hapana?”

“Wataanza kupima upepo kule kwingine. Upepo wa huko ukiwa hautoshi, watarudi kwako.”

“Watapima mpaka lini?”

“Mwaka mzima, pengine zaidi.”

Nilisikia kuku wake, na mtu akikwangua sepetu kwenye saruji.

“Fundi yuko hapa tangu asubuhi, anataka jibu,” akasema. “Wacha apige plasta sebuleni. Vyumba vya nyuma vingoje.”

Nilianza kumweleza kwamba mara nyingi ya pili hubaki ya pili, lakini alikuwa ameshageuka, simu ikiwa bado mkononi. “Hapana, hiyo ukuta wacha,” alikuwa akimwambia fundi. “Mwisho hapo kwa mlango.”