Risiva wa Miti ya Baba

Udongo wa kaburi la baba ulikuwa haujashikana vizuri kaka yangu alipokwenda kortini kuomba risiva.

Risiva, kwa wale ambao hawajawahi kuburutwa kortini na ndugu zao, ni mtu wa katikati. Mahakama humkabidhi mali inayogombaniwa aishike mpaka kesi iamuliwe, isije ikaharibika au ikatafunwa na upande mmoja. Sina neno na sheria hiyo. Watu wawili wakivutana ng'ombe, huyu pembe na yule mkia, ni haki wa tatu ashike kamba na ng'ombe akamwe. Lakini wangu alikuwa anakamwa. Sikuona kwa nini nimpe mtu kamba.

Mali yenyewe ni shamba la miraa, nje kidogo ya Laare. Ni miti ya zamani, ile tunayoiita mbaine, aliyoipanda babu yake baba. Baba aliniachia mimi kwa mdomo, mbele ya wazee, kwa sababu ni mimi niliyemuuguza hadi mwisho huku nikifundisha shule ya msingi hapo jirani. Kaka yangu analima viazi Kiirua na alikuwa akija nyumbani Krismasi. Sasa anasema msichana harithi. Hilo ni la kesi kubwa, ambayo bado. Wakati tukisubiri, alitaka miti ishikwe na risiva, na risiva aliyempendekeza alikuwa rafiki yake, mnunuzi wa miraa pale sokoni Laare. Mtu wa katikati, ati.

Sababu aliyoapa nayo ni kwamba mali inaharibika kwa kuwa iko mikononi mwa mwanamke. Kwetu mwanamke hapandi juu ya mti wa miraa kuchuma. Atapalilia chini yake, atawapikia wachumaji uji, lakini akipanda, husema wazee, mti utakauka. Na miraa haingoji mtu. Vichipukizi visipochumwa kwa wakati hukomaa vikawa kuni tupu. Kaka alisema hakuna mchumaji hata mmoja anayeonekana shambani, na hapo alisema kweli. Asichosema ni kwamba aliwazungukia wachumaji wote nyumba kwa nyumba, akawaambia atakayeingia kwa mzee watakutana kortini. Alizima jiko, kisha akaenda kushtaki kwamba ugali haujaiva.

Nililia siku mbili, na si kwa huzuni. Ilikuwa hasira. Siku ya tatu nikavaa suruali ya baba ya kazi, nikaikaza kiunoni kwa kamba, nikapanda mtini.

Nilianzia miti ya nyuma, kule chini karibu na kijito, ambako mpita njia hanioni. Kazi yenyewe nilikuwa naijua. Tangu utotoni nilisimama chini kupokea, na baba huko juu alikuwa na mazoea ya kusema kila anachofanya: hiki kata, hiki acha, hapa usivunje jicho. Jicho ni pale chipukizi lingine litakapotokea. Ukilivunja, umekula cha leo na cha kesho. Siku ya kwanza niliteleza nikachunika goti, nikateremka, nikalitazama, nikapanda tena. Nilikuwa nachuma alfajiri, nafunga vifurushi kwa majani ya mgomba, mtu wa boda boda kutoka mbali anachukua, halafu naoga nakwenda darasani. Sikumwambia mtu. Niliona aibu, na niliichukia ile aibu.

Hakimu alikuwa mama wa upande wa Embu. Alituambia waziwazi, "Mimi ni mtu wa kahawa. Habari za miraa mtanieleza polepole." Kaka alikuwa na wakili. Mimi nilikuwa na kifurushi kimoja ndani ya mkoba, nilichokichuma asubuhi hiyo.

Kaka akapanda kizimbani, akaapa, akasema miti ya mzee imekuwa msitu, hakuna anayeigusa. Zamu yangu ya kumuuliza maswali ilipofika, nikaomba ruhusa nikaweka kifurushi mbele yake.

"Mwambie Mheshimiwa hii ni miraa ya namna gani."

Kaka yangu anaweza kudanganya juu ya kitu chochote, lakini si miraa. Hapo ana kiburi chake. Alifungua jani, akachomoa tawi moja, akaligeuza, akalibana kwa ukucha. Wakili wake akakohoa. Kaka hakumsikia.

"Hii ni ya mbaine. Imechumwa leo."

"Na aliyechuma?"

"Anajua kazi," akasema, sasa akimgeukia hakimu kama mwalimu. "Ona hapa chini, Mheshimiwa. Amekata juu ya jicho, hajalivunja. Vijana wa siku hizi wananyofoa tu. Huyu amechuma kama mzee."

Aliposema mzee, akaliweka lile tawi chini polepole. Nami, pamoja na hasira yangu yote, nikamsikia baba huko juu ya mti.

Hakimu akaniuliza, "Imetoka wapi?"

"Kwa baba yetu, Mheshimiwa. Nimeichuma mimi."

Nyuma mtu akacheka. Hakimu akataka kuona mikono yangu, nikainyoosha, na mikwaruzo yake yote. Akauliza wachumaji wako wapi, nikamweleza kaka alivyowazungukia kuwatisha, na kaka hakukana. Wakili akasimama kueleza kwamba mila hairuhusu. Hakimu akamwambia akae. "Umeniambia mali inaharibika. Shahidi wako mwenyewe ameniambia haiharibiki."

Kisha akasema maneno ninayoyakumbuka hadi leo. Kwamba risiva hawekwi kwa sababu ndugu wamekosana. Huwekwa pale mali iko hatarini na hakuna njia nyingine ya kuilinda, na aliyeileta hatari hiyo hawezi kuja kuiombea dawa. Ombi likatupwa. Miti ikabaki kwangu mpaka kesi kubwa isikizwe, na kaka akaonywa asimtishe mchumaji yeyote.

Nje, kaka alinifuata hadi langoni.

"Umepanda miti ya mzee," akasema.

"Nimepanda."

"Itakauka."

"Basi njoo uhesabu itakayokauka. Njia ya nyumbani unaijua."

Kesi kubwa bado, na huenda nikashindwa. Wachumaji wawili walikuja jioni ile ile kuniambia wako tayari kurudi, nikawashukuru, nikawaambia waje Jumatatu. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, siku ya soko. Sikwenda kijitoni. Nilingoja jua lipande na watu wajae njiani, nikavaa suruali ya baba, nikachagua mti ulio kando ya barabara. Mwanamke mmoja mwenye mzigo wa ndizi akasimama akaniuliza ninafanya nini huko juu.

"Nachuma miraa yetu, mama," nikamjibu, nikakata juu ya jicho.